"Dokta, leo sikuja kwa kichwa": jibu kwa dereva wa Wete

SWALI (nimelifupisha, na nimeondoa yanayoweza kumtambulisha mwandishi): "Assalaamu alaykum dokta. Nina miaka 38, naendesha gari ya abiria njia ya Wete na Chake Chake, nina mke na watoto wanne. Msimu uliopita nilikopa nikakodi mikarafuu, mazao yakaja kidogo na deni likabaki. Deni nimeshalipa zaidi ya nusu, lakini hali yangu ndiyo kwanza inazidi. Tangu Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, naamka saa nane za usiku na silali tena. Chakula hakina ladha. Barzani sendi, watu wakicheka naona wananikera. Watoto wakinisogelea nawafokea. Spitali nimekwenda mara tatu: nimepimwa malaria, nimepimwa presha, nimepewa Panadol na vitamini. Mama aliniitia mwalimu akanisomea, na kombe la aya za Qurani nimekunywa. Rafiki yangu hunipa Valium, nazo siku hizi hazinilazi. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Nimesikia haya ni maradhi na daktari anayatibu. Niende tena? Nikamwambie nini? Naogopa nisije nikapelekwa Kidongo Chekundu, Pemba nzima ikajua. Na nikipewa dawa, nitaweza kuendesha?"

JIBU

Waalaykum salaam, ndugu yangu.

Nenda, na uende wiki hii. Sikuhimizi hivyo kwa sababu ya usingizi wala chakula, bali kwa ile sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho, kwamba kuna siku unatamani ulale usiamke. Wengi wenye maradhi haya ya mawazo hupitiwa na fikra hiyo na hawathubutu kuitamka, kwa hiyo umefanya vyema kuiandika. Lakini fikra hiyo haitulii pahala pamoja. Leo ni kutamani tu. Ikifika siku umeanza kuwaza namna na wakati, basi usingoje siku ya kliniki. Mwambie mkeo au ndugu yako saa hiyo hiyo, asikuache peke yako, na mwende hospitali ya Wete, ya Chake Chake au Abdalla Mzee pale Mkoani, iwe usiku au mchana. Vidonge vya usingizi ulivyonavyo mpe mkeo avifungie. Kama mna dawa za shamba ndani ya nyumba, zitoke zikae kwa mtu mwengine. Na daktari akikuuliza kama unawaza kufa, usidhani anakutilia mkosi. Kumuuliza mtu jambo hilo hakumpandikizii fikra asiyokuwa nayo. Asipokuuliza, mwambie wewe.

Sasa hizo safari zako tatu. Hukuniandikia ulimwambia daktari nini, lakini nikikisia sitakosea sana: kichwa kinauma, mwili mzito, usingizi mchache. Yote ni kweli. Sonona, ndivyo maradhi haya yanavyoitwa kitabibu, huingia mwilini hasa: huuma kichwa na mgongo, hukaza kifua, huvuruga tumbo, humtoa mtu hamu ya kila kitu. Ila daktari wa foleni ya asubuhi ana watu wamejaa benchi mpaka mlangoni. Ukimwekea kichwa mezani, atatibu kichwa. Ukisema uchovu na mwili mzito, mkono wake utaandika kipimo cha malaria kabla hata hajakutazama usoni, ijapokuwa malaria yenyewe visiwani imeshuka sana tangu miaka ya 2000. Wenzangu nawatetea nusu tu. Nusu nyengine ni yetu sisi: mwanamme akiingia chumbani amesimama wima na anazungumza vizuri, wengi wetu hatumuulizi kabisa kuhusu roho yake, na mara chache anayeuliza huuliza huku anaandika.

Kwa hiyo safari hii kichwa kiache nje. Kaa kwenye kiti, na kabla hujaulizwa "unaumwa wapi?" sema maneno mfano wa haya:

"Dokta, leo sikuja kwa kichwa. Tangu Mfunguo Tatu roho yangu haina raha, karibu kila siku. Vitu nilivyokuwa navipenda sivitaki tena. Naamka saa nane za usiku na silali mpaka asubuhi. Chakula hakipiti. Nawafokea wanangu bila sababu. Kuna siku natamani nisiamke. Nimeshapimwa malaria na presha, sikukutwa na kitu. Nadhani ni maradhi ya mawazo, na nataka kutibiwa hayo."

Maneno hayo hayafiki dakika moja, na yamebeba karibu yote anayohitaji daktari kuanzia kazi. Kitabibu huwa tunatafuta mambo mawili makubwa, huzuni ya kudumu au kupotelewa na hamu ya mambo, angalau moja kati ya hayo, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, pamoja na dalili nyengine kama usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili na fikra za kifo. Wewe umezipita hizo wiki 2 zamani. Kuamka usiku wa manane na kushindwa kulala tena, peke yake, ni dalili inayomfanya daktari mwangalifu aweke kalamu chini.

Yaandike kwenye karatasi uiweke mfukoni. Maradhi haya hupunguza kumbukumbu na huufanya ulimi mzito, na mtu aliyekusudia kusema yote hujikuta anasema "kichwa tu, dokta" na kutoka na Panadol ya mara ya nne. Ukiona maneno hayatoki, mpe hiyo karatasi aisome mwenyewe. Hakuna daktari atakayekucheka kwa hilo. Wengine tutashukuru, maana tunasoma haraka kuliko tunavyosikiliza.

Kisha kuna suala la mlango. Vyumba vyetu unavijua. Mlango uko nusu wazi, mgonjwa anayefuata keshaingiza mguu mmoja, wanafunzi wawili wa uuguzi wamesimama ukutani, na mmoja wao pengine ni mtoto wa jirani yako. Una haki ya kusema: "Dokta, nina jambo la siri, naomba mlango ufungwe tubaki wawili." Sema kwa adabu, lakini sema kabla ya kuanza. Anayekuhudumia amefungwa na siri ya mgonjwa. Siri hiyo hufunguliwa kwa dharura tu, pale maisha yako au ya mtu mwengine yanapokuwa hatarini, na hata hapo huambiwa yule anayeweza kukulinda, siyo kijiji kizima.

Najua utaniambia kisiwa ni kidogo. Kweli, na dereva anajulikana kuliko sheha. Kama Wete kila aliyekaa kwenye benchi umeshampakia garini, shuka Chake. Ulizia kliniki ya afya ya akili inakaa siku gani, na uulizie pia muuguzi aliyesomea afya ya akili. Muuguzi huyo usimdharau kwa kuwa si daktari. Mara nyingi atakupa muda mrefu kuliko wa foleni ya kawaida, na ndiye utakayemkuta tena ukirudi baada ya wiki mbili, wakati daktari aliyekuona mwanzo ameshahamishiwa zamu nyengine.

Kidongo Chekundu ndiyo hospitali pekee ya wagonjwa wa akili Zanzibar nzima, na iko Unguja mjini. Mtu hasafirishwi kwa boti kwa kuwa amesema halali. Kulazwa hukusudiwa mtu ambaye hali yake imekuwa ya hatari, au ambaye nyumbani hawezi tena kuhudumika. Na katika hao wanaokwenda pale, wapo wengi wanaoingia kliniki, wakazungumza na daktari, wakachukua dawa na kuondoka zao wakiwahi mambo yao mjini. Sisi jina lile tumelifanya tusi la watoto wa skuli, "utapelekwa Kidongo!", na tusi hilo limewakalisha watu na maradhi ndani ya nyumba miaka na miaka. Sonona ya kiasi chako, kwa unavyoeleza, inaanzwa kutibiwa hapo hapo Pemba. Rufaa hufikiriwa pale dawa zimejaribiwa kwa kipimo na muda unaostahiki na hazikusaidia, au mgonjwa anasikia sauti asizozisikia mwengine, au picha yenyewe haieleweki.

Usishangae daktari akikuuliza mambo yanayoonekana hayahusiani. Anaweza kukupa maswali 9 ya kujibu kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 mpaka 3. Jumla ikifika 10 au zaidi humfanya aiangalie sonona kwa makini, na swali la tisa ndilo linalouliza kuhusu fikra za kifo. Si mtihani, usijitahidi kupata alama nzuri. Ataagiza pengine kipimo cha wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu na unyonge unaofanana na huu. Atauliza dawa unazotumia, pombe na bangi. Hapo usimfiche: hajakuja kukushitaki, anataka kujua asije akakuandikia kitu kikagombana na ulichokwisha kunywa. Na kama atakuuliza iwapo umewahi kupitiwa na siku nyingi za furaha iliyopindukia, hulali na huchoki, unazungumza mbio na kutumia pesa ovyo, fikiri vizuri kabla ya kujibu. Mwenye historia hiyo hupewa tiba nyengine, kwani dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha akapanda kupita kiasi.

Valium. Rafiki yako amekusudia wema, lakini kuzimeza kwa maradhi haya ni sawa na kuzima taa ya oili kwenye dashibodi ukaendelea na safari. Hulaza siku za mwanzo, kisha mwili unazoea na kutaka zaidi, kama ulivyojionea. Sonona iko pale pale. Kama umekuwa ukizimeza kila siku kwa wiki kadhaa, usikate ghafla, kwa sababu kukata ghafla kunaweza kuleta mtetemeko na hata degedege. Mwambie daktari ni ngapi na tangu lini, akupangie namna ya kupunguza kidogo kidogo. Unaweza kuona haya kumtaja rafiki yako. Daktari hana haja ya jina lake.

Kuhusu kusomewa, sitakuwa daktari wa kukwambia uache. Mama yako amefanya alilolijua na alilolimudu, na dua ni kheri. Kombe halizuii kidonge kufanya kazi. Lililonikera mimi siku zote ni ile kauli anayotupiwa mgonjwa kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna aliyesema hana imani. Mtume wetu aliwaambia watu wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Na tena si jambo la kizungu hili. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kupambanua huzuni inayojulikana chanzo chake, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni isiyojulikana imetoka wapi, akasema hii ya pili chanzo chake kiko mwilini na mwili utibiwe. Mwalimu anayekusomea akakwambia pia nenda hospitali, huyo mshike. Anayekwambia uache dawa, au anayetaka kukufungia, kukupiga, kukufukiza moshi mpaka ukakosa pumzi, au kila wiki anataja mbuzi mpya, huyo muage. Majani utakayopewa ya kunywa mtajie daktari.

Dawa ambayo pengine utaandikiwa ni fluoksetini, miligramu 20, kidonge kimoja asubuhi. Ni dawa ya zamani, haina bei kubwa, na haifanyi mtu kuwa mtumwa wake kama Valium. Tatizo lake ni kwamba inachelewa. Wiki ya kwanza unaweza kuona kichefuchefu, kichwa kidogo, pengine wasiwasi na usingizi kuzidi kuwa mbaya, na hapo ndipo watu wanapoitupa wakisema "dawa yenyewe ndiyo inayoniumiza." Vumilia. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 4, na kuijua kama imefaa au haikufaa huchukua takriban wiki 6. Jambo moja mwambie mkeo alijue: wakati mwengine nguvu za mwili hurudi kabla roho haijatulia, na zile fikra za kutotaka kuamka bado zipo. Siku hizo za mwanzo akuangalie kwa jicho la karibu.

Kisha ukipona usiache. Ushauri unaofuatwa ni kuendelea na dawa miezi 9 mpaka 12 baada ya kupata nafuu kamili, kisha kupunguza pamoja na daktari. Anayeacha siku ya kwanza aliyocheka barzani, mara nyingi namuona tena. Ramadhani haina tabu, kidonge ni kimoja kwa siku, utakimeza wakati wa futari au daku. Ikiwa huwa unanunua diklofenaki kwa ajili ya kiuno, kama madereva wengi, sema, kwa sababu zikichanganywa na fluoksetini zinaweza kuleta kutoka damu tumboni. Tramadoli usiiguse kabisa pamoja nayo bila daktari kujua.

Na kuna jambo ambalo hukuliandika, nami naliandika kwa kuwa wanaume hawalisemi: hamu ya mke. Sonona huikata, na fluoksetini nayo kwa baadhi ya watu hucheleweshea mambo. Usikimbilie dawa za nguvu za kiume zinazouzwa sokoni. Mwambie daktari kwa lugha unayoiweza, kuna kubadilisha dawa au kipimo. Mwambie na mkeo, asije akadhani umepata wa pili.

Dawa si lazima kwa kila mtu, na si peke yake. Kuna tiba ya mazungumzo, ambayo haina maana ya mtu kukwambia "kaza roho." Ni kazi yenye mpango: unataja matatizo yako, mnachagua moja, mnatafuta hatua ndogo, unaifanya, unarudi kueleza imekwendaje. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kazi hiyo, wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya vituo vya afya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha waliokaa na mabibi wale walikuwa na dalili chache baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabibi wale hawakuwa na shahada. Kwa hiyo muuguzi wa Chake akikwambia njoo tuzungumze kila wiki, usiseme "nimenyimwa dawa."

Wewe mwenyewe unaweza kuanza kabla hata ya siku ya kliniki. Usingoje hamu ije ndipo utoke; katika maradhi haya kitendo hutangulia na hamu hufuata nyuma, tena kwa kuchelewa. Baada ya alasiri nenda barzani robo saa, ukae pembeni, usilazimike kuchangia, kisha ondoka. Kesho tena. Saa nane ukiamka, usigaegae kitandani ukipiga hesabu. Toka, kaa ukumbini, leta nyiradi au sikiliza redio kwa sauti ya chini, urudi usingizi ukikujia. Kahawa ya jioni iache.

Deni, kwa kweli, halitibiki kwa kidonge. Lakini angalia ulivyoandika: umeshalipa zaidi ya nusu na hali ndiyo inazidi. Kama huzuni ingekuwa ya deni tu, ingepungua nalo. Deni huenda ndilo lililoufungua mlango, na sasa maradhi yamekaa kwa nguvu zake yenyewe. Kilichobaki kigawe na mwenye pesa zake kwa mafungu unayoyaweza, na mkeo awepo mkizungumza, kwa sababu nahisi hesabu zote umezificha kichwani mwako peke yako.

Huyo mkeo nenda naye hospitali ikiwa atakubali. Yeye ameona usiyoyaona: lini uliacha kucheka, umepungua kiasi gani, usiku unasema nini. Na daktari akikujibu vibaya, akakwambia wewe mwanamme, haya mambo ya kike, usigombane naye. Sema: "Naomba uniandikie nimuone muuguzi wa afya ya akili," na usiinuke mpaka ameandika.

Limebaki gari. Mwambie daktari mwanzo kabisa kwamba wewe ni dereva wa abiria, kwa sababu lipo jambo la kuchagua hapa. Hospitali zetu hutumia pia amitriptilini, dawa nzuri inayosaidia usingizi, lakini humezwa usiku na uzito wake unaweza kukufuata mpaka asubuhi. Ina hatari kubwa pia kwa moyo ikizidishwa, na kwa mtu mwenye fikra kama zako tungependa isiwepo nyumbani kwa wingi. Fluoksetini kwa kawaida haisinzishi. Hata hivyo siku chache za mwanzo za dawa yoyote mwachie dereva mwenzako usukani, mpaka ujue mwili wako unaipokeaje. Hatari iliyopo sasa ni kubwa kuliko ya dawa yoyote nitakayokutajia: unalala saa chache, na Valium uliyoimeza usiku bado imo mwilini wakati unapakia watu stendi alfajiri. Siku uliyomeza usiku, usiendeshe asubuhi yake.